Somo: Mbuzi mwenye mimba, tangu kupandwa hadi kuzaa

Wenzangu, wengi mnaniuliza mfanye nini mbuzi akianza kuhangaika bandani. Siku hiyo kazi ni ndogo. Kazi kubwa ilikuwa siku alipopandwa, na mimi hilo nimelijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza hapa Pongwe nilimwacha beberu azurure na majike, wala sikuandika kitu. Mmoja akazaa usiku wa Aprili, mvua inamwagika, banda tope tupu. Asubuhi nikakuta pacha wamekakamaa kwa baridi. Watu wa Tanga tuna neno letu, waja leo waondoka leo. Wale walilitimiza.

1. Andika tarehe. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, pungufu au zaidi siku tano. Aliyepandwa tarehe 10 Novemba atazaa karibu na tarehe 9 Aprili, katikati ya masika. Aliyepandwa tarehe 1 Agosti atazaa mwisho wa Desemba, mvua za vuli zimeshaotesha majani. Ndiyo maana beberu wangu namfungia kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba iishe. Anapiga kelele, majirani wanalalamikia harufu, hatoki.

2. Miezi mitatu ya mwanzo. Malisho ya kawaida, maji safi, jiwe la chumvi, basi. Ila dawa ya minyoo ya albendazoli usimpe mwezi wa kwanza, inaweza kudhuru mimba; bwana mifugo atakupa nyingine. Anayekamuliwa mkaushe, yaani acha kumkamua, miezi miwili kabla hajazaa.

3. Wiki sita za mwisho. Hapa ndipo tunapoharibu. Mtoto hukua zaidi kipindi hiki, na kadiri anavyokua ndivyo anavyobana nafasi ya majani tumboni mwa mama. Anakula kutwa na bado chakula hakimtoshi. Kwa hiyo mpe chakula kidogo chenye nguvu: pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, au ya nazi ukiyapata. Anza na gramu 100 kwa siku, panda taratibu hadi 400, ukigawa asubuhi na jioni. Ukimpa nyingi kwa mkupuo atavimbiwa. Majani ya mti wa lusina ni mazuri, yasizidi theluthi ya chakula chote.

4. Mahali pa kuzalia. Banda la kichanja ni zuri kwa ukavu, lakini kitoto hutumbukiza mguu kwenye nafasi za mbao. Wiki moja kabla, mtenge mama kwenye kona, tandika nyasi kavu nene, ziba upande unaoingiza upepo. Weka karibu iodini, wembe mpya, kitambaa safi na glovu.

5. Siku yenyewe. Kiwele kinajaa, nyama za kando ya mkia zinalegea, anaparapara chini, analala na kuinuka. Akianza kusukuma kwa nguvu, tazama saa. Miguu miwili ya mbele na pua juu yake, kaa pembeni. Ukiona mkia tu, au nusu saa imepita na hakuna kilichotokea, ita mtaalamu. Mtoto akitoka, futa pua na mdomo, chovya kitovu kwenye iodini. Kamua tone la kwanza kila chuchu kutoa kizibo, kisha hakikisha amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndani ya saa moja.

Maswali

*Mama wa Muheza:* Mwalimu, wangu ana miezi minne na nusu, mnene, tangu jana hali, amelala tu. Mdomo unanukia kama embe lililoiva kupita kiasi. Nimchome sindano gani?

Dada, usichome kitu. Hiyo ni dalili ya mwili kuishiwa sukari, huwapata sana wenye pacha. Mnyweshe molasi au glukosi polepole asipaliwe, na daktari wa mifugo aje leo, si kesho.

*Kijana wa Maramba:* Kondo la nyuma halijatoka, ni muda wa saa tatu sasa tangu azae. Nilivute?

Hapana mdogo wangu, utamrarua. Subiri. Zikipita saa 12 tangu azae ndipo uite daktari. Likitoka, lifukie, mbwa wasile.

*Bibi wa Pangani:* Wangu wawili wametupa mimba ndani ya wiki moja.

Shikamoo bibi. Usiguse kwa mikono mitupu, na mjukuu mwenye mimba asikaribie banda. Yapo magonjwa ya kutupa mimba yanayohamia kwa watu, kama brusela. Maziwa yachemsheni. Toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata leo hii.

*Mzee wa Tongoni:* Mimi sikuandika tarehe, ila najua alipandwa siku ya Maulidi.

Mzee wangu, hiyo inatosha kabisa. Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita. Hesabu miezi mitano ya mwandamo, ongeza siku mbili tatu: mtazamie karibu na nusu ya Shaabani. Nyasi zianze kukauka tangu Rajabu.