Mkanda wa harusi kwanza, albamu baadaye: jinsi ya kuhamishia kumbukumbu za familia kwenye kompyuta

Wateja wengi wakifika dukani kwangu hapa Tanga hutoa albamu kwanza. Mkanda wa harusi huwa chini kabisa ya mfuko, unatolewa mwisho. Mimi huanza na huo. Picha ya studio ya nyeusi na nyeupe ikitunzwa vizuri inaweza kusubiri; mkanda wa VHS hauna subira hiyo, na deki za kuuchezea nazo zinaisha. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Deki nzima siku hizi unaipata kwa mtu, si dukani.

Hatua ya 1: Kagua mkanda

Uinue kwenye mwanga, uchungulie kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe juu ya utepe uliozungushwa, huo ni ukungu, na unyevunyevu wa pwani ndio chakula chake. Usiutie kwenye deki. Niliwahi kuutia mmoja kwa pupa, mteja kasimama mbele yangu, na mikanda mitatu iliyofuata ikatoka na michirizi kwa sababu kichwa cha deki kilikuwa kimeshachafuka. Sasa mkanda wa hivyo naufungia kwenye ndoo yenye mfuniko wiki mbili, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukungu ukiwa mwingi, mpelekee fundi.

Mkanda ulio safi upeleke mbele hadi mwisho, kisha urudishe hadi mwanzo, ndipo uucheze. Utepe uliokaa miaka bila kuguswa huwa umegandana. Vunja pia kile kijipande cha plastiki kilicho ubavuni, upande wa lebo, ili deki isiweze kurekodi juu yake. Nimeshaona bibi harusi anaingia ukumbini, vigelegele vimepamba moto, mara mechi ya mpira.

Hatua ya 2: Cheza na urekodi

Unahitaji deki, waya zile tatu (njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti), kifaa kidogo cha kunasa video kinachochomekwa kwenye USB, na kompyuta yenye OBS Studio, programu ya bure. Mkanda wa saa tatu utachukua saa tatu. Hakuna njia ya mkato.

Mikanda yetu mingi ni ya PAL, mfumo wa video unaotumika kwetu, kwa hiyo kwenye OBS weka pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ule uliotumwa na jamaa aliyeko Marekani utakuwa wa NTSC, mfumo wa huko, na si kila deki inaucheza. Mtu akipunga mkono ukaona mistari kama meno ya kitana, bonyeza chanzo cha video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Deinterlacing", chagua "Yadif 2x", na hapo rekodi kwa fremu 50.

Jambo ambalo watu hujifunza kwa machozi: kwenye OBS chagua faili la aina ya MKV, si MP4. Umeme ukikatika katikati, faili la MP4 la kawaida mara nyingi halifunguki tena, lakini la MKV linabaki na kila kilichokwisha kurekodiwa. Ukimaliza, OBS hiyo hiyo inaweza kuligeuza kuwa MP4: ingia "File", kisha "Remux Recordings".

Kama harusi ilishahamishiwa kwenye DVD ya kuchomwa, usijione umefika. Nazo huharibika. Zinakili leo.

Hatua ya 3: Toa picha kwenye albamu

Albamu za kurasa za gundi ndizo adui. Usivute picha kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake kuanzia pembeni, taratibu, kama unakata kwa msumeno. Iliyoshikana na kioo cha fremu iache hapo hapo, uiskani na kioo chake. Vumbi toa kwa brashi laini kavu. Maji usitumie, wala mate.

Hatua ya 4: Skani

Weka 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa pikseli zipatazo 2,360 kwa 3,540, na faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora, la megabaiti 25 hivi. Hilo ndilo nakala mama, usiliguse. Tengeneza JPEG, faili dogo zaidi, kwa ajili ya kutumiana. Huna skana? Laza picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, shika simu sambamba nayo, zima flashi.

Skani na mgongo wa picha pia. Nyuma ya moja ya mama yangu kuna muhuri wa studio uliofifia na maneno ya penseli: "Nikumbuke daima." Aliandikiwa nani, hajawahi kusema.

Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu kwa sababu rangi ya samawati-kijani hufifia kabla ya nyingine. Irekebishe kwenye nakala, kidogo tu. Zile programu zinazong'arisha nyuso siziamini: sura inayotoka si ya babu, ni ya mtu anayefanana na babu.

Hatua ya 5: Majina

Nimeiandika ya tano, lakini kama una mzee nyumbani, ifanye leo jioni. Kaa naye, fungua picha moja moja, washa kirekodi sauti cha simu, umwache aongee. Mama mkubwa alishindwa kutambua uso wa mwanamke mmoja, akamtambua kwa kanga. "Hii ilikuwa sare yetu, harusi ya dada." Hapo hapo tukapata jina, shughuli na mwaka.

Kisha lipe faili jina: 1974_Tanga_harusi_mama-na-shangazi_001. Mwaka usipojulikana, andika 197x.

Hatua ya 6: Nakala tatu

Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mbali na nyumbani: kwa ndugu wa mji mwingine au mtandaoni. Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bure, zinatosha picha za JPEG. Video zitazimaliza haraka. Flashi ya USB ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo picha inapunguzwa ubora.

Vya asili usitupe. Albamu ikae kabati la juu, mbali na ukuta unaovuja, na mikanda isimame wima kama vitabu, mbali na spika.