Gari ya pili ya kwendea kazini Uingereza: V5C sio kadi ya gari, jamani

Ndugu zangu mlioko huku Uingereza, hasa nyie mliokuja kwa kazi za uuguzi na kulea wazee halafu sasa mwenza naye kapata shifti ya ghalani na gari moja haitoshi tena, nimeulizwa sana gari gani ya pili isiwe ya bei na isiwe ya kusinzisha. Nitajibu, nina maoni mengi kuhusu hilo. Ila kabla sijafika kwenye Swift na Mazda kuna kitu nataka kiingie kichwani kwanza na nitakirudia mpaka mchoke: ile karatasi ya V5C, hati ya usajili wa gari wanayoiita logbook, haisemi gari ni mali ya nani. Inasema nani anaitunza, nani apelekewe faini za kamera. Imeandikwa kwenye karatasi yenyewe kwamba sio uthibitisho wa umiliki, na sisi wote tunaipita hiyo sentensi kwa sababu macho yanatafuta jina na namba ya chesisi.

Na tunaipita kwa sababu kwetu haiko hivyo. Bongo kadi ya TRA ndio gari. Mtu akikopa kwa dhamana ya gari mkopeshaji anakaa na kadi kabatini, huwezi kuuza kirahisi. Kenya benki inaandikwa pamoja na wewe kwenye logbook, mnunuzi akifungua tu anaona jina la benki limekaa pale. Kwa hiyo umezoea hivi: kadi halisi, jina linafanana na kitambulisho, namba ya chesisi inafanana na iliyo kwenye gari, umemaliza, toa hela. Huku ukifanya hivyo hivyo hujamaliza kitu.

Mimi nakaa Coventry, kazi iko upande wa Daventry kule kwenye maghala, kama maili 20 hivi kwa A45, na shifti ikiisha saa kumi na mbili asubuhi hakuna basi la maana. Gari ya familia anayo mke wangu na watoto. Nikapata Suzuki Swift Sport, ile ya 1.6 gia sita, pauni 3,400, kwa mtu binafsi sio yadi. Nilienda nyumbani kwake, sio kwenye maegesho ya supamaketi, anwani ile ile ya kwenye V5C, jina lile lile la kwenye leseni yake. Historia ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, safi. Nikaiingiza namba kwenye moja ya zile programu za bure za kukagua gari, ikaleta tiki za kijani mstari mzima, haijaibiwa, haijawahi kuandikwa skrepa, maili zinapanda vizuri. Sehemu ya mikopo ilikuwa na alama ya kufuli, lipia kwanza. Hiyo kufuli iangalieni vizuri. Mengi ya yale ya bure ni yale ambayo serikali tayari inakuonyesha bure, na lile moja la kukuumiza ndio limefichwa.

Niliiendesha kwa raha karibu miezi miwili. Asubuhi moja nimetoka kazini, sijavua hata buti, lori la kubeba magari limesimama mbele ya nyumba na jamaa ana tablet mkononi. Mpole ajabu. Akaniita meti, yaani rafiki, akanionyesha karatasi, akanipa mfuko mweusi wa taka nikusanye vitu vyangu kwenye gari, kiti cha mtoto, chaja, kopo la chakula. Aliyeniuzia alikuwa ameikopea ile gari pesa na hajalipa. Nikampigia, simu haipatikani. Nikapiga polisi, wakanisikiliza vizuri kabisa kisha wakasema hilo ni suala la madai, sio jinai, asubuhi njema.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyo, maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Kuna mikopo ya namna mbili kwenye gari. Ya kwanza ni ya kununulia gari yenyewe, hire purchase, unalipa kidogo kidogo mpaka iwe yako, na hizi PCP, ambazo mwisho unachagua kuirudisha au kumalizia bei. Hiyo gari ni mali ya kampuni mpaka deni liishe, ila sheria ya 1964 inamlinda mnunuzi wa kawaida aliyenunua kwa nia njema bila kujua kuna deni. Sio kwamba ni rahisi, utahangaika na barua, lakini una pa kusimamia. Ya pili ni mkopo wa logbook, mtu ana gari yake tayari halafu anakwenda kuchukua pesa ya haraka kwa riba ya kausha damu, anasaini hati ambayo gari inahamia kwa mkopeshaji huku yeye anaendelea kuiendesha. Hati hiyo inasimama juu ya sheria za 1878 na 1882. Ndio, enzi za Malkia Victoria, farasi na samani za ndani. Na kwenye hiyo ulinzi wa 1964 HAUPO. Narudia, haupo. Ukinunua gari yenye mkopo huo, hata kama hukujua, hata kama umeapa kwa msahafu au biblia, mkopeshaji anaifuata gari ilipo. Hizo ni za England na Wales, Ireland Kaskazini wana zao zinazofanana, Scotland hawana hati hizo. Tume ya sheria ya England na Wales ilipendekeza 2016 sheria hizo zifutwe ziwekwe mpya na muswada ukaandikwa, 2018 serikali ikauweka pembeni. Nchi hii ina sheria mpaka ya urefu wa ua wa jirani lakini hili wameliacha.

Mtauliza, kama mkopeshaji amechukua V5C kama dhamana, huyu muuzaji V5C kaitoa wapi? Kaomba nyingine. Unaiambia DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari, imepotea, unalipa pauni 25, inakuja mpya kwa posta, halali kabisa, jina lake. Kwa hiyo ingieni kwenye tovuti ya serikali ya kuangalia gari, ni bure, weka namba, kuna mstari unasema V5C ya mwisho ilitolewa tarehe ngapi. Kama mtu amekaa na gari miaka minne na V5C imetoka mwezi uliopita, muulize kwa nini. Anaweza kuwa na sababu nzuri, labda kahama. Ya kwangu, muuzaji aliniambia watoto waliimwagia juisi.

Halafu lipieni ukaguzi kamili, ule wa kampuni kama HPI, AA au RAC, na kabla hujalipia soma kama unataja wazi mikopo ya logbook, sio mikopo ya kununulia tu. Ni bei ya kuku wa kukaanga wa watu wawili. Fanya siku ile ile unayolipa gari, sio wiki moja kabla, maana mtu anaweza kukopa katikati hapo. Kama kuna deni na muuzaji anasema ukishanilipa nitalimaliza, hapana. Hapana kabisa. Aombe barua ya kiasi kilichobaki kutoka kwa mkopeshaji, uwapigie mwenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, deni uwalipe wao moja kwa moja na yeye umpe kinachozidi. Akinuna mwache na gari yake.

Na kama limeshakukuta: usisaini kitu mlangoni, omba nakala ya ile hati, nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure. Hati hiyo ilitakiwa isajiliwe Mahakama Kuu ndani ya siku saba tangu isainiwe, na isiposajiliwa haina nguvu, kwa hiyo linafaa kuchunguzwa. Muuzaji unaweza kumshtaki kwa kukuuzia asichokuwa na haki ya kuuza, hata kama ni mtu binafsi, kwenye madai madogo ambayo mwisho wake ni pauni 10,000. Kumpata sasa ndio shughuli.

Niwaambie kitu kuhusu hawa wenyeji wetu. Ukipita mtaani kwangu jioni unaona Audi, BMW, Mercedes zimepangwa, unasema watu wamejaliwa. Nyingi ni za kampuni za mikopo, wanalipa kila mwezi, baada ya miaka mitatu wanarudisha wanachukua nyingine, na wala hawaoni aibu. Gari kwao ni kama bili ya umeme. Sisi gari ni mali, unaipigia picha unamtumia mama. Ndio maana hatuulizi swali la deni, tunaona ni kumkosea heshima mtu mzima aliyekukaribisha chai. Muulize. Hawakasiriki, wao wamezoea kuulizwa.

Na ndugu zetu wa nyumbani, nawapenda, lakini punguzeni. Shemeji yangu wa Mbagala alinipigia, wakatalie, kadi si ina jina lako? Mama kauliza kwani hukwenda na fundi. Mama, fundi anaona mafuta yanavuja, deni halivuji. Mjomba naye tangu zamani anataka nikimaliza kuitumia nimshushie Dar. Mjomba, gari ya umri huo TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu juu ya ushuru, Kenya ndio haiingii kabisa ikizidi miaka minane, na chini imeshuka hivi, tuta la kwanza tu Kimara unaacha bampa.

Haya, magari. Kwa mtu wa maili 15 mpaka 25 kila upande, barabara kubwa na mizunguko, unataka kitu chepesi. Wepesi ndio utamu, sio nguvu nyingi za farasi. Swift Sport ya 1.6 bado naisifia pamoja na yaliyonikuta, haina tabo, kama farasi 136, injini inapenda kuimba juu, na ni Suzuki, haikulazi barabarani. Fiat Panda 100HP ni kachekesho, ngumu kwenye mashimo, gia sita, ila ya mwisho ilitoka 2010 na nyingi zimechoka. Mazda MX-5 kama huna mtoto wa kupeleka shule, viti viwili tu, angalia kutu pembeni chini ya milango na matao ya nyuma, chumvi wanayomwaga barabarani winta inakula chuma kimya kimya. VW Up GTI ni tamu lakini bei haishuki. Fiesta ya lita moja EcoBoost inaendeka vizuri mno, shida ni ule mkanda unaokaa ndani ya oili, ukichakaa unaziba na injini inakufa, kwa hiyo bila risiti za oili kwa wakati na mkanda kubadilishwa, pita. Dizeli kwa safari fupi msinunue, ile filta ya moshi inaziba.

Kama leseni yako ya huku ni ya otomatiki, Swift Sport, Panda hii na Up GTI usiziangalie, zina gia za mkono. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakubalika miezi 12 tu tangu uanze kuishi huku, na haibadilishwi, unafanya mtihani.

Bima: chagua kipengele cha kwenda kazini, ukiacha ile ya matembezi tu siku ya ajali wanaweza kukukataa. Punguzo la miaka bila ajali kwa kawaida linakaa kwenye gari moja, piga simu uulize kama watalinakili kwenye ya pili. Usimwandike mkeo ndiye dereva mkuu kama unaendesha wewe, huo ni udanganyifu kwao na wanakagua.

Kodi ya barabara haihami na gari tangu Oktoba 2014, unalipa mwenyewe kabla hujawasha. MOT angalia historia mtandaoni, soma zile tahadhari ndogo ndogo, hasa neno kutu. Petroli ya 2006 kuja juu kwa kawaida inaingia London na Birmingham bila tozo ya hewa chafu, dizeli ni kuanzia Septemba 2015. Ukikosea ni 12.50 kwa siku London na 8 Birmingham. V5C/2, kile kikaratasi cha kijani cha mtunzaji mpya, usiondoke bila hicho.

Mimi safari hii nimenunua yadi, Swift Sport nyingine, nyeusi. Ghali kuliko kwa mtu binafsi, mke wangu aligomba, lakini yadi inabanwa na sheria ya 2015, ikiwa na kasoro ndani ya siku 30 unairudisha. Na arbuni ya pauni 200 nililipa kwa kredit kadi, sio debiti, maana ukilipa kwa kredit hata sehemu tu ya bei, gari ikiwa chini ya 30,000, benki inawajibika pamoja na muuzaji kwa gari yote. Kijana wa yadi aliniuliza kwa nini nataka ukaguzi wa mikopo uchapishwe na tarehe ya leo wakati wa juzi upo. Nikamwambia chapisha tu, nasubiri.