Kamera ya kununua visiwani: anza na pahala itakapolala

Kabla hujahesabu pesa za kamera, angalia kwanza itakaa wapi nyumbani kwako. Watu wengi huanzia kwenye megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Na mimi nilianzia huko, na lenzi yangu ya kwanza ikaota koga kabatini, katikati ya nguo, masika moja ambayo sikuishika kwa wiki nyingi. Nilipoimulika kwa tochi nikaona nyuzinyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui. Fundi aliisafisha, lakini koga lilikuwa limeshakula lile tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na tangu hapo kila picha niliyoipiga kuelekea jua ilitoka na weupe kama moshi.

Hapa kwetu hewa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na kati ya Machi na Mei hata kuta za nyumba za Mji Mkongwe hutoka jasho. Koga hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 au 70, na giza la kabati hulisaidia. Kwa hivyo mwanzo kabisa wa bajeti yako andika haya: chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, silika jeli (zile chembe zinazonyonya unyevu), na kipimo kidogo cha unyevu. Ndani ya chombo tafuta asilimia 40 hadi 50. Silika ikishashiba maji, zitoe chembe zake kwenye pakiti, zikaushe kwa oveni kwenye nyuzi joto 120 kwa saa moja au mbili, kisha zirudishe kazini. Mchele usitie, una vumbi lake. Na mkoba wa ngozi uwe wa kubebea tu, kwa sababu ngozi yenyewe huota koga upesi.

Ukishajua itakapolala, jiulize itafanya kazi kwenye mwanga gani. Kama unachotaka ni picha za watoto mchana Forodhani, au ufuo wa Paje maji yakitoka, simu nzuri inakutosha na pesa zako zifanyie jambo jengine. Kamera inakuwa na maana pale mwanga unapokuwa haba: maulidi ya usiku, sherehe ya ukumbini, chumba cha bibi harusi chenye taa moja. Hapo lenzi ina kazi kubwa kuliko kamera yenyewe. Ile lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga huingia zaidi). Lenzi ya 50mm yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa zile za bei nafuu, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Ningekuwa na pesa ya kamera mpya peke yake, ningechukua kamera iliyotumika na hiyo lenzi.

Megapikseli zisikusumbue. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya nukta 6000 kwa 4000, na kuchapisha picha ya ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kila inchi hazihitajiki hata megapikseli 9.

Mimi huitwa zaidi kwenye shughuli za wanawake, ambako mpiga picha mwanamme haingii, na hili limenifunza jambo ambalo sijaliona likielezwa kwenye maboksi ya kamera. Bibi harusi na wageni wake wamevua mabuibui kwa kukuamini. Basi tafuta kamera yenye nafasi mbili za memori kadi, moja ikiharibika picha zibaki kwenye ya pili bila ya kuomba msaada wa mtu. Hakikisha pia unajua kuzima ile njia ya kurusha picha kwenye simu. Kadi zote mbili zirudi nyumbani na wewe, zisilale kwa mtu wa kompyuta.

Kuhusu kamera za kioo (DSLR, ambazo ndani yake mna kioo kinachokuonyesha picha kupitia tundu la kutazamia) na zile zisizo na kioo (mirrorless), za pili ndizo zinazoendelezwa na kampuni kubwa sasa, lakini za kioo zilizotumika zimeshuka bei na lenzi zake ni nyingi. Lenzi za EF za Canon, za kamera zake za kioo, zilizoanza 1987, zinaingia kwenye kamera zake mpya za R, zisizo na kioo, kwa adapta, kwa hivyo ukianza na ya zamani hujapotea.

Ukienda kukagua iliyotumika, nenda mchana na kadi yako mwenyewe. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Fungua nyumba ya betri utazame vile vyuma: ukijani ni alama ya chumvi, na kamera iliyonusa bahari kwa ndani iache hapo hapo hata kama inawaka. Piga mbingu kwa f/16 uone madoa ya vumbi. Uliza hesabu ya shata, lile pazia linalofunguka kila ukipiga; kamera nyingi za wanaoanza hupimwa kwa mara 100,000 hivi.

Betri ya pili si anasa. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima, hawahitaji kuelezwa.

La mwisho kabla hujatoa pesa: soma namba iliyo chini ya kamera na uilinganishe na ya kwenye risiti au boksi. Wageni huibiwa kamera fukweni, na nyengine huishia kuuzwa mkononi kwa bei ya kutamanisha. Muuzaji akikosa karatasi na akaanza kukuharakisha, mrejeshee kamera yake.