Somo: Kuipinga leseni ya mradi kisiwani kabla siku 60 hazijakwisha

Assalamu alaykum wanakikundi. Somo la leo ni la wale wanaoamka asubuhi na kukuta bango la mradi limesimamishwa ufukweni. Ni la sheria ya Kenya. Wa Tanzania nimewawekea jibu kule chini kwenye maswali.

Nitafuata kesi ya Lamu, kwa kuwa hukumu yake iko wazi kwa yeyote kuisoma. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 pale Kwasasi, bara, ng'ambo ya visiwa. NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ikatoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakazi wengine wakakata rufaa Novemba mwaka huohuo mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Wengi hudhani ni moshi na majivu yaliyoiangusha. Ukiisoma hukumu utaona kubwa zaidi lilikuwa mikutano. Kampuni iliita watu kwenye mikutano ya utangulizi kabla utafiti wa tathmini ya athari za mazingira haujafanywa. Utafiti ulipokwisha, watu hawakurudiwa ipasavyo waambiwe umeonyesha nini na wajibu. Jopo lilisema kwa maneno makali kwamba tathmini isiyoshirikisha wananchi ni kama mtoto aliyezaliwa mfu, hata ripoti iwe nene na nzuri vipi. Ndiyo maana naanzia barazani. Kortini tutafika.

Hatua ya 1: Wekeni daftari la mikutano. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo ambayo vikundi hudharau. Kanuni za tathmini za 2003, zilizotumika katika kesi ya Lamu, zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini na redioni, kisha afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, awaeleze mradi na athari zake na apokee maoni yao. Kwa hiyo kwa kila mkutano andikeni: tarehe, mahali, nani aliita, lugha iliyotumika, nani aliongea, swali gani liliulizwa na likajibiwaje. Andikeni pia ambalo halikusemwa. Kama mtaalamu hakutaja majivu yatatupwa wapi, iandikwe kwamba hakutaja. Mwisho watu watatu au wanne watie sahihi.

Na jihadharini na karatasi ya mahudhurio. Mtu hutia sahihi akidhani ni ya nauli na chakula, kumbe karatasi ile huambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba "jamii ilishirikishwa". Kabla ya kutia sahihi, andika juu yake kwa mkono: "Nimehudhuria, sijaukubali mradi." Hakuna sheria inayokukataza.

Hatua ya 2: Ombeni ripoti ya tathmini kwa barua. Msiombe kwa mdomo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kuamua ombi lenu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Wakikaa kimya, kimya chao nacho ni ushahidi. Mnaweza pia kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Hatua ya 3: Pelekeni maoni kwa NEMA ndani ya muda uliotangazwa. Ukurasa mmoja unatosha. Barua ya wavuvi wa kijiji kimoja inayosema "hapa ndipo tunapovua wakati wa kusi, kwa sababu mashua zetu ndogo haziwezi kutoka nje ya mwamba" ina uzito kuliko kurasa kumi za kunakili mtandaoni.

Hatua ya 4: Hesabuni siku. Leseni ikitolewa, kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira, EMCA, kinawapa siku 60 za kukata rufaa NET. Hapa ndipo kesi nzuri hufia. Teueni mtu mmoja wa kufuatilia ofisi ya NEMA ya kaunti kila wiki, asiye na kazi nyingine kikundini. Watu wa Lamu wenyewe waliingia mwezi wa Novemba kwa leseni ya Septemba, kwa hiyo siku nyingi zilikuwa zimeshaliwa.

Rufaa yenu iambatane na ombi la kusimamisha kazi. Msidhani kufungua rufaa peke yake kutazima matingatinga.

Hatua ya 5: Chagueni mlango. NET ni mlango wa leseni. Mkitaka kudai haki zenyewe, yaani mazingira safi (kifungu cha 42 cha Katiba), utamaduni, riziki na habari, mlango ni ombi la kikatiba mahakamani. Wavuvi wa Lamu walipitia huu kuhusu bandari ya LAPSSET, ule mradi wa uchukuzi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Walifungua kesi 2012, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa na wavuvi takriban 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tofauti yake muione: huko kwa makaa mradi haukujengwa, huku kwa bandari gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kama mnataka mradi usianze, kimbilieni leseni mapema. Fidia haimrudishi kamba-mawe.

Hatua ya 6: Mashahidi. Changanyeni mtaalamu na mwenyeji. Mtaalamu aichambue ripoti ya kampuni. Huko Lamu iligundulika haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Mwenyeji aeleze bahari anayoijua: mlango-bahari wa Mkanda unapitika maji yakiwa vipi, kasa wanapanda wapi, mikoko gani ni mazalio ya samaki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Kizingitini:* Mwalimu, mimi sina shamba wala plot karibu na mradi. Hakimu hatanifukuza?

Hapana, ndugu yangu. Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema anayedai haki ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hata hivyo, kama wewe ni mvuvi, sema. Ukweli wa riziki yako unaisaidia kesi hata pale sheria haiudai.

*Mwanachama, Faza:* Pesa je? Wakili wa Nairobi ametutajia kiasi cha kununua boti.

Tafuteni kwanza taasisi zinazochukua kesi za maslahi ya umma. Katiba Institute, kwa mfano, ilisimama na watu wa Lamu. Tena kifungu cha 22 kinasema kufungua kesi ya kutetea haki za kimsingi kusitozwe ada. Gharama mkishindwa ni suala jingine: mahakama mara nyingi huacha kila upande ubebe zake kesi ikiwa ya umma, lakini hiari ni ya jaji. Msikopeshane kwa ahadi hiyo.

*Mama mmoja, kikundi cha pweza, Pate:* Sisi hatumo kwenye orodha ya wavuvi. Hatuna vyombo, twatembea kwa miguu maji yakitoka. Fidia ikija tutaonekana?

Mama, nenda BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, wiki hii, mjiandikishe kwa majina yenu na mahali mnapookota. Msingoje kesi. Fidia hufuata orodha, na orodha iliyoandikwa baada ya hukumu huzua ugomvi. Na msipange matumizi mapema: hukumu ya bandari ilikuwa 2018, na miaka kadhaa baadaye wavuvi walikuwa bado wanafuatilia malipo.

*Mwanachama, Mafia:* Sisi huku Tanzania tufuate hatua hizihizi?

Hatua ya 1 hadi 3 zitakufaa karibu zilivyo. Mahakamani ndipo kuna tofauti. Tangu marekebisho ya 2020 ya Sura ya 3, yaani sheria ya kutekeleza haki na wajibu wa msingi, mwombaji wa kesi ya haki za msingi anatakiwa aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, kwa hiyo mdai awe mtu aliyeguswa moja kwa moja. Mlango mwingine ni Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ndiyo iliyoizuia Tanzania mwaka 2014 kujenga barabara ya lami kukatiza Serengeti. Ila muda wake ni miezi miwili tu. Kesi ya bomba la mafuta la EACOP ilitupwa Novemba 2023 kwa sababu ya kuchelewa, kabla hoja za mazingira hazijasikilizwa.

*Mwanachama, Mokowe:* Tukishinda, kampuni haiwezi kurudi?

Yaweza. NET iliacha wazi kwamba kampuni ikitaka ianze tathmini upya. Kampuni ikakata rufaa, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa Oktoba 2025, zaidi ya miaka sita baadaye. Katikati hapo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa imeshajitoa 2019, na benki ya ICBC ya China 2020. Kwa hiyo wakati kesi inaendelea, waandikieni wafadhili pia.

*Mwanachama huyohuyo:* Na picha za simu zinakubaliwa?

Zinakubaliwa, lakini chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi huhitajika cheti kinachoeleza zilipigwa na kuchapishwa kwa kifaa gani. Aliyepiga ndiye afaaye kukitia sahihi. Picha iliyozunguka makundi kumi ya WhatsApp hadi haijulikani imetoka kwa nani itawasumbua. Mpigaji aihifadhi ya asili kwenye simu yake, asiifute hata simu ikijaa.