Somo: Valletta na Mdina kwa basi la kawaida ukiwa na masaa matano tu

Naandika hili mara moja liishe. Kila meli ikikaribia Valletta, mji mkuu wa Malta, simu yangu hujaa meseji, dada basi la Mdina, ule mji wa kale wa ndani ya kisiwa, ni namba gani, dada nitawahi kurudi kweli, dada nauli ngapi. Wiki hii nimejibu watu tisa maneno yaleyale nikiwa nimetoka zamu ya jikoni ya alfajiri na miguu imevimba. Sasa iko hapa, atakayeniuliza namtumia hapa.

Nimeandikia zaidi mabaharia wenzangu wa Pwani tunaopata masaa matano hivi ya kushuka, ila abiria naye anaweza kufuata. Saa ninazotaja ni za Kiswahili, saa nne ni asubuhi, saa tisa ni alasiri. Lakini saa za wapi? Hapo ndipo watu huumia, nitafika hatua ya 6 na tafadhali usiiruke.

Hatua ya 1. Beba kadi ya meli, kitambulisho, maji na yuro za chenji. Basi.

Hatua ya 2. Ukitoka getini tembea ufuoni bahari ikiwa mkono wako wa kulia, dakika kama kumi na tano, mpaka uone lifti imesimama pembeni ya ukuta mkubwa. Ina urefu wa mita 58, nililipa yuro 1. Usipande ule mlima kwa miguu juani, wenye haraka hupanda halafu wakifika juu wanatafuta pa kukaa badala ya kutembea.

Hatua ya 3. Juu ni bustani ya Upper Barrakka. Simama pale kwenye matao dakika tano uangalie bandari yote na meli yako chini. Mizinga hulipuliwa saa sita kamili mchana na saa kumi jioni, ila usikae kuisubiri, utaisikia hata ukiwa mbali.

Hatua ya 4. Katiza mjini utoke kwa lango kuu, City Gate, mpaka kwa chemchemi ya Triton, yale majitu ya shaba yamebeba sinia kubwa. Stendi ya mabasi imezunguka hapo. Tafuta 51, 52 au 53, lolote kati ya hayo linafika Rabat, na Mdina iko hapohapo ng'ambo ya barabara. Unamlipa dereva, mimi nimekuwa nikilipa yuro 2.50 majira ya joto na tikiti inafanya kazi masaa mawili. Noti ya hamsini usimpe, atakukasirikia na watu nyuma yako watakukasirikia. Njiani ni nusu saa barabara ikiwa nyeupe, jam ikishika ni zaidi. Wao huendesha kushoto kama sisi, kwa hivo kituo cha kwenda na cha kurudi hutachanganya. Na ukiwa kituo cha njiani LAZIMA unyooshe mkono, ukisimama tu kama mti dereva anapita.

Hatua ya 5. Mdina yenyewe. Ingia kwa lile lango la mawe la 1724, halafu funga ramani ya simu. Huo mji ni mdogo, wakazi hawafiki mia tatu, magari karibu hakuna, vichochoro vimepinda kama vile vya kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, kuta za mawe ya rangi ya asali na milango yenye vitasa vya shaba vya sura ya samaki. Mimi mtu wa Kibokoni nilipoingia mara ya kwanza nilishika ukuta kwa kiganja, jiwe lilikuwa la moto upande wa jua na baridi kabisa ndani ya kichochoro, nikakumbuka nyumbani mpaka koo likanikaba. Nenda mpaka mwisho kwenye ngome, utaona nusu ya kisiwa mpaka baharini, na lile kuba kubwa ni la kanisa la Mosta. Tarehe 9 Aprili 1942 bomu lilitoboa kuba hilo, watu zaidi ya mia tatu wakiwa ndani, na halikulipuka. Saa moja na nusu Mdina inatosha.

Hatua ya 6. Kurudi. Soma mara mbili.

Mwaka wangu wa kwanza njia hii tulitoka Piraeus, Ugiriki. Ugiriki iko mbele ya Malta kwa saa moja. Nahodha hakurudisha saa ya meli nyuma, tulibaki na ya Ugiriki, na ilitangazwa, ikabandikwa na karatasi pale mlango wa kushukia, mimi nikapita nikiongea na mamangu kwa simu. Simu nayo ilipokamata mtandao wa Malta ikajirudisha nyuma saa moja kimya kimya. Basi nimekaa pale kwenye ngome, pastizzi, kitafunwa cha Malta, mkononi bado ya moto, karatasi imelowa mafuta, natazama simu: saa nane kasoro dakika ishirini. Nikajiambia nina karibu masaa mawili. Kumbe melini ni saa tisa kasoro ishirini na mimi natakiwa ndani saa tisa unusu. Nikatembea taratibu mpaka kituoni, basi likaja limejaa, dereva akanionyesha kiganja akapita. La pili hivohivo. Ndo mwenzangu wa jikoni akanitumia meseji, uko wapi na saa ishafika tisa na robo. Magoti yaliniisha nguvu. Nilichukua teksi kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kutuma nyumbani, nikafika nimechelewa dakika kumi na moja, nikapewa barua ya onyo. Meli haikuwa imeng'oa nanga manake sisi hutakiwa ndani kabla ya abiria. Ingekuwa ni abiria amechelewa hivo muda wake wa mwisho, angeitazama ikienda.

Kwa hivo:
- Nunua saa ya mkononi ya bei rahisi, itege kwa saa ya meli, na usiiguse tena mpaka urudi.
- Kwenye simu zima ile sehemu ya kubadili saa yenyewe.
- Piga picha ile karatasi ya mlangoni. Kila bandari, hata kama jana ulipiga.
- Uwe kituo cha Rabat MASAA MAWILI kabla ya muda wako wa kuwa ndani. Sio saa moja.
- Kituo cha langoni mwa Mdina ndicho watalii wote hupandia. Tembea ndani ya Rabat mpaka kituo cha nyuma yake, upande kabla basi halijajaa.
- Mabasi mawili yakikupita, la tatu usilisubiri. Tafuta teksi, shirikianeni watu watatu wanne.

Hatua ya 7. Ukiwahi Valletta na muda umebaki, zunguka karibu na lifti tu. Usianze safari nyingine.

MASWALI

Deki7: Dada, meli inaondoka saa ngapi?

MamaSwaleh: Meli gani? Iko kwenye karatasi ya mlangoni. Hatua ya 6.

Kijana wa Likoni: Mi naona unatisha watu bure. Nilitoka Mdina saa tisa juzi nikapata kiti na nikawahi vizuri.

MamaSwaleh: Juzi ni Januari. Mimi naongea Julai, meli tatu gatini na kila mtu anataka basi lilelile. Kupata kiti mara moja sio kanuni, na barua ya onyo uliyopewa wewe iko wapi? Huna. Mimi ninayo, kwa hivo niache niwaambie watu.

Kijana wa Likoni: Sawa dada, nimeskia.

Nahodha Mdogo: Samahani mamangu, mimi ni mgeni, sina viza ya Schengen, nina kitabu cha baharia tu. Naruhusiwa kwenda Mdina?

MamaSwaleh: Umeuliza jambo la maana mwanangu, na ningefaa kuliandika juu. Baharia asiye na viza sheria ya Schengen inamruhusu kushuka eneo la bandari na manispaa jirani, sio nchi nzima. Mimi nilijiunga na meli Ulaya kwa hivo viza ninayo. Wewe nenda ofisi ya wafanyikazi melini uulize kabla ya kushuka, wakuambie mpaka wapi. Ukiambiwa ni karibu na bandari tu usisononeke, Valletta yenyewe ni siku nzima. Mji wote umejengwa kuanzia 1566, mwaka mmoja baada ya Knights of St John, wapiganaji wa kanisa walioitawala Malta, kuzingirwa na Waturuki, na barabara zimenyooka kama zimepigwa rula. Ingia kanisa la St John, sakafu yote ni makaburi ya marumaru ya rangi, na ndani kuna mchoro wa 1608 wa Caravaggio, mchoraji wa Kitaliano, wa Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa, mkubwa kama ukuta wa chumba. Jina lake ameliandika ndani ya ile damu, na ndio mchoro pekee aliotia sahihi. Funika mabega, viatu vya kisigino chembamba hawaruhusu, na Jumapili watalii hawaingii.

Bi harusi wa Dar: Dada shikamoo, sisi ni abiria, tuna watoto wawili wadogo na mama mkwe. Je lile basi jekundu la wazi la watalii sio rahisi zaidi?

MamaSwaleh: Marahaba mpenzi. Kwenu nyinyi ndio, lichukueni. Ni ghali kuliko la kawaida, lakini mama mkwe hatapanda ngazi wala kubanwa mlangoni. Kuna njia ya kaskazini na ya kusini, chagueni MOJA, ile inayopita Mdina, mzunguko mmoja unakula masaa. Shukeni mara moja tu, Mdina, muulizeni kondakta la mwisho linapita saa ngapi, mkapande ambalo sio la mwisho. Juu hakuna kivuli, watoto wavae kofia.

Saidi_wa_Bamburi: Hizo pastizzi zina nini ndani? Sisi Waislamu tunaweza kula?

MamaSwaleh: Za kawaida ni jibini laini la ricotta au njegere zilizopondwa, nyama hakuna. Shida ni unga, wengine hukanda na mafuta ya nguruwe. Uliza duka kwa duka kabla hujauma, mimi huuliza na hakuna aliyewahi kunikasirikia. Kuswali, msikiti uko Paola, mabasi mengi ya kusini hupita huko.

Mwalimu Tatu: Bibi, niliskia dereva akiongea nikahisi kama naelewa kitu. Ni Kiarabu?

MamaSwaleh: Alhamdulillahi hatimaye mtu ameskia! Ni Kimalta, mama yake ni Kiarabu cha zamani manake Waarabu waliingia 870, halafu kikachanganyika na Kitaliano, na wanakiandika kwa herufi hizihizi zetu. Hebu hesabu nao makumi: għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, sittin, sebgħin, tmenin, disgħin. Ishirini, thelathini, arubaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini! Basi la 52 wao ni "tnejn u ħamsin". Bahari ni "baħar", dunia ni "dinja", kitabu ni "ktieb", Mdina ni madina. Na langoni wameandika "Merħba", karibu. Siku moja nilimhesabia bibi muuza pastizzi kwa Kiswahili kuanzia ishirini, akaacha kuuza, akamuita mumewe jikoni aje askie.

Mwalimu Tatu: Wallahi nimefurahi. Na kweli mabasi yao zamani yalikuwa kama matatu?

MamaSwaleh: Karibu sana. Yalikuwa ya madereva wenyewe, kila mmoja analipamba lake, majina yamechorwa kwa mkono, nakshi za kuringa, picha za watakatifu mbele ya dereva. Rangi ya manjano. Yalitolewa barabarani Julai 2011. Watu wazima wa huko wanayaongelea vile babangu anavyoongelea basi la kwanza kwenda Malindi.

Deki7: Dada kwani saa tisa unusu ni saa ngapi?

MamaSwaleh: 15:30. Saa za Kiswahili nimezieleza aya ya pili ya somo, kaka. Tafadhali soma lote, nimeliandika nikiwa nimechoka.

Chombeza: Nikiwa na masaa mawili tu je?

MamaSwaleh: Hapo usipande juu mjini. Chini ya lifti kuna vivuko na vile viboti vya rangi, dgħajsa, tamka "daisa", vinakuvusha mpaka Birgu, mji wa ng'ambo ya bandari, dakika chache. Tembea, rudi. Kaa mbele ukipata, na mkoba uuweke mapajani sio chini, kuna maji.

Mwalimu Tatu: Na Hypogeum, lile kaburi la chini ya ardhi?

MamaSwaleh: Liko Paola, lakini wanaingiza watu 80 tu kwa siku, ni bora ukate tikiti wiki nyingi kabla. Mimi bado sijaingia. Nimekata ya Septemba, tukipangiwa Malta siku hiyo nitakuja kuwaeleza.