Unaiota Château Margaux? Anza na mdogo wake

Jamani wapenzi wa waini nyekundu, kama unaitamani Château Margaux ya kule Bordeaux, Ufaransa, ila ukiona bei tu unairudisha chupa kwenye shelfu taratibu, tafuta Pavillon Rouge. Ni ya shamba hilohilo, lile lililopewa daraja la kwanza mwaka 1855 waini za Bordeaux zilipopangwa kwa madaraja, zabibu aina ya Cabernet Sauvignon ndo nyingi halafu Merlot na kidogo ya Cabernet Franc na Petit Verdot, ila yale mapipa wakiyaonja wakaona hayajafikia waini kubwa, yaani Château Margaux yenyewe, ndo yanaingia huku. Bei bado si mchezo lakini kuna nafuu kubwa, na inakomaa mapema. Usiinywe ya baridi kama soda wala ya joto la juu ya kabati, nyuzi 16 hadi 18 hivi zinatosha. Chupa ikiwa ya zamani isimamishe siku nzima kabla, kisha mimina kwenye jagi la kioo polepole kabisaa, ukiona machicha meusi yanasogea shingoni acha hapohapo. Mie mara ya kwanza niliitikisa kama dawa ya kikohozi, mdomo wote mchanga mchanga!