Shuti Likipaa, Tazama Mguu Usiopiga

Mtoto akipaisha mpira juu ya mtambaa panya, makocha wengi humpigia kelele: "Lenga!" Haimsaidii kitu, maana alilenga. Mara nyingi kilichomponza ni mguu wa kuegemea, ule unaokanyaga chini pembeni ya mpira. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, anzia hapo.

Ila kabla ya miguu, angalia mpira. Umri huo unafaa namba 4, wenye mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66, si namba 5 ya wakubwa. Usiujaze upepo ukawa jiwe. Ukiubonyeza kwa vidole gumba viwili, uingie kidogo. Mpira mgumu humuumiza anayecheza peku, naye hulegeza kifundo cha mguu bila kujijua. Kifundo kikilegea, shuti huenda linakotaka lenyewe.

Sasa weka mpira mita 8 kutoka golini, bila kipa. Lainisha vumbi kuuzunguka (kama ardhi ni ngumu, nyunyiza majivu) na chora mstari ulionyooka unaopita chini ya mpira, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto aje kwa hatua 3 au 4, akitokea upande kidogo badala ya nyuma kabisa ya mpira, apige. Kisha nendeni wote wawili mkausome unyayo.

Unyayo mzuri umekaa juu ya mstari, shibiri moja ya mtoto mwenyewe kutoka mpira ulipokuwa, vidole vikiangalia pale alipotaka kufunga. Ukiwa nyuma ya mstari, mwili ulilala nyuma na mguu ukauchota mpira kwa chini: ndiyo sababu ulipaa. Hilo ndilo kosa la kila siku. Ukiwa karibu mno na mpira, mguu unaopiga ulikosa nafasi ya kupita, shuti likafa. Ukiwa mbali, alijinyoosha kuufikia na mpira ukakatika pembeni. Vidole vikiangalia kibendera cha kona, nyonga zilifuata huko, na mpira nao. Acha mtoto aseme mwenyewe anachokiona kabla hujamweleza, atakikumbuka zaidi.

Kwenye uwanja wa nyasi unyayo hauonekani. Mrekodi kwa simu kutoka ubavuni, simu ikiwa chini usawa wa goti, mtazame taratibu.

Mguu unaopiga una mambo machache tu. Kwa shuti la karibu, atumie ubapa wa ndani. Kwa la mbali, atumie mfupa wa juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapokaa, vidole vikielekea chini na kifundo kikiwa kimekazwa. Agonge katikati ya mpira. Macho yatazame goli mapema, kisha yarudi kwenye mpira mpaka uguswe.

Akipatia mara 7 kati ya 10, mpe mpira unaotembea. Hapa wengi huharibikiwa upya, kwa sababu wanakanyaga pale mpira ulipo wakati wa kukanyaga, na mguu ukija kupiga mpira umeshahama. Mpira unaokwenda mbele yake, akanyage mbele ya mpira kidogo. Unaomjia, akanyage mapema na kuungoja ufike usawa wa mguu. Anza na pasi za polepole unazoviringisha kwa mkono.

Watoto 12 wasipange foleni golini. Kila mmoja atapiga mara chache kisha asimame anapigana mieleka na mwenzake. Wagawe watatu watatu, kila kundi na mpira mmoja na goli la koni lenye upana wa mita 4 au 5. Mmoja anatoa pasi, mmoja anapiga, mmoja yuko nyuma ya goli anaokota. Baada ya mashuti 5 wanabadilishana. Weka koni nyingine mita 1 ndani ya kila nguzo: shuti la chini lililopita kwenye uwazi huo ni pointi 2, la katikati 1, lililopita juu ya kiuno halihesabiwi hata likiingia. Wenye nguvu watalalamika. Waache walalamike; kipa mdogo husumbuka zaidi kushuka chini pembeni kuliko kudaka mpira unaomfuata kifuani.

Kipa aingie mwisho, pamoja na beki mmoja anayekimbiza kutoka nyuma, kwa sababu haraka ndiyo inayorudisha makosa yote ya mwanzo.

Mashuti 30 hadi 40 kwa kila mtoto, theluthi moja kwa mguu dhaifu, yanatosha kwa siku. Unyayo uliokuwa sawa ukianza kurudi nyuma ya mstari, amechoka: badilisha zoezi. Anayelalamika maumivu chini ya kilegesambwa (kifupa cha mbele ya goti) asipige kabisa siku hiyo, na yakiendelea apelekwe kwa daktari.